Klarineti ya Kusikiwa na Papa Deo

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile la safari yangu ya Kampala, na kila mara nasimulia vibaya. Naanza na kuku wa Lukaya, naruka hadi Kigali, nasahau nilikuwa naongea na nani. Mnanijua, mimi ni mtu wa kuota macho wazi. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike, hatua kwa hatua. Habari za tiketi, karatasi na mihuri nimeziacha kwa sababu hazina ladha. Papa Deo mwenyewe ameniruhusu nimtaje, mradi nisimfanye mzee kuliko alivyo.

Ndosho, nyuma ya karakana

Kwa wasiotujua, fanfare yetu ni bendi ya mtaa: matarumbeta, ngoma kubwa, ngoma ndogo na klarineti moja. Mazoezi tunafanyia Ndosho, hapa Goma, katika kibanda cha mbao nyuma ya karakana ya seremala, juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayokula viatu. Tunapiga harusini, lakini zaidi tunasindikiza marehemu, wa dini zote. Bibi yangu kule Mapendo, ambaye wazee wake walikuja kutoka Maniema na Uislamu wao, alinung'unika mwaka mzima kwamba mjukuu wake anapuliza nyimbo za kanisani. Siku jirani yake wa miaka mingi alipozikwa, akanisikia nikipita mbele ya jeneza. Tangu hapo hanung'uniki, ananiuliza tu kama nimekula kabla ya mazoezi.

Papa Deo ndiye mwalimu wangu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, ni mtu wa Rutshuru, mrefu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata siku ya mvua. Zamani alikuwa mkali. Angeweza kukurudisha kwenye mstari mmoja mpaka midomo ivimbe. Kisha ukali ukaanza kuyeyuka. Kila nilichopiga, alisema, "Muzuri, Zaina, muzuri sana." Mwanzoni nilivimba kichwa, nikadhani nimekuwa fundi. Siku moja, kwa utundu tu, nikapiga wimbo mzima na noti ya juu ya uongo, noti ya kuumiza meno. Akatabasamu. "Muzuri sana."

Jioni ile nikaelewa. Papa Deo alikuwa hanisikii tena. Alikuwa anatazama vidole vyangu na nyuso za wenzangu, anakisia.

Sikumwambia mtu. Tresor, anayepiga tarumbeta ya kwanza na ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa ameshaanza kusema kwamba mzee amechoka, tutafute mwingine wa kutuongoza. Nilijua wakigundua watamwondoa kwa heshima zote, na soda na hotuba, naye atakaa nyumbani Lac Vert akitazama ukuta.

Ndipo klarineti yetu ya zamani ikapasuka kutoka juu hadi chini. Haikuwa ya gundi wala ya dua. Wenzangu wakachanga, wakanituma mimi Kampala nikachague nyingine, kwa kuwa Baba ni dereva wa malori na ana rafiki kule. Tresor akanipa agizo mbele ya wote.

"Ulete ile ya kulia nguvu, Zaina. Ile itapita juu ya trompette zetu. Siyo ya kunong'ona."

Papa Deo alinisindikiza hadi barabarani, akasimamisha moto, yaani pikipiki ya abiria, na alipokwisha kukaa nyuma ya dereva ndipo akasema, bila kunitazama, "Mutoto yangu, utafute ile mimi nitasikia."

Pikipiki ikaondoka. Nikabaki nimesimama na vumbi lake. Kumbe alijua kwamba najua.

Barrière hadi Kigali

Nilivuka mpaka wa Rwanda kwa miguu asubuhi, katikati ya akina mama wenye mabeseni kichwani. Ndani ya begi nilikuwa na nguo, chapati za Bibi, na ule mdomo wa klarineti ya zamani, yaani kile kipande cha kupulizia, nimekifunga ndani ya soksi. Mpiga klarineti anapojaribu chombo kipya huenda na mdomo wake mwenyewe, ili akisikia tofauti ajue inatoka wapi.

Soksi hiyo ilinichelewesha. Mwanamke aliyekagua mabegi alikitoa kile kipande, akakinusa, akanitazama kwa huzuni. Alidhani ni kiko cha kuvutia tumbaku. Nilieleza, hakuniamini, foleni ikaanza kuguna. Mwisho nikakipuliza. Kikiwa peke yake kinalia kama bata aliyekanyagwa. Foleni nzima ikacheka, naye akanirudishia haraka, akifuta mikono.

Njia ya Kigali siikumbuki sawasawa, maana nililala na kuamka, na kila nilipoamka kulikuwa na mlima mwingine na watu wengine wanapalilia kwenye mteremko uleule. Mahali fulani nilikula brochette, yaani mishikaki, na viazi vya kuchoma. Mahali fulani niliota nimefika, nimechagua, nimerudi, na Papa Deo ananiuliza mbona sijaenda. Niliamka nikiwa nimeegemea bega la mtu ambaye kwa adabu hakuwa amesogea.

Mama aliyeninyamazia

Kesho yake, kwenye basi la Kampala, jirani yangu alikuwa mama mtu mzima mwenye kitenge cha kijani na kikapu magotini. Nikamwamkia. Kimya. Nikarudia kwa Kinyarwanda changu cha kuokoteza. Kimya, anatazama dirisha. Nikajisemea, haya, leo nimekaa na mwenye kiburi, nami nikanuna kwa zamu yangu. Tukavuka mpaka wa Uganda tumenuniana hivyo.

Kabla ya Kabale, lori la kabichi lilikuwa limelala katikati ya barabara, sote tukashuka kungoja. Kabichi zilikuwa zimejaa mtaroni. Ukungu ulishuka kutoka milimani ukapita katikati yetu, ukawa unawaona watu wameinama kuokota kabichi, kisha huwaoni, kisha unawaona tena mahali pengine. Hakuna aliyepaza sauti. Niliketi kwenye jiwe nikaelea na mawazo yangu, na kusema kweli ningeweza kukaa pale hata wiki nzima bila kumdai mtu chochote.

Kondakta, jamaa mwenye sauti nzito kama pipa, akaita kutoka mbali kwamba kuna uji wa mtama unauzwa. Yule mama, aliyekuwa amesimama kando yangu, akageuka mara moja. "Wapi?"

Nikashangaa. Mimi niko ubavuni mwake hanisikii, na huyu aliye kule chini amemsikia!

Akanunua vikombe viwili, akaniletea kimoja. Nikasita. Ulikuwa na uchachu kidogo, na mimi na pombe ni mbalimbali. Nikauliza kama unalevya. Akatazama midomo yangu, akacheka.

"Ongea na kifua, mwana wanjye. Sauti ya mwanaume."

Nikaishusha sauti yangu mpaka chini kabisa. "Inalevya?"

"Hapana! Hii ni bushera. Hata batoto banakunywa."

Jina lake Mama Veneranda, mzaliwa wa Rutshuru aliyeolewa Mbarara. Alikuwa hana kiburi hata chembe. "Masikio yangu ilifunga mulango ya juu," akanieleza. "Sauti ya banamuke, ya batoto, ya ndege, yote inanipita. Ya banaume nasikia. Ya ngoma nasikia. Bajukuu yangu naona tu midomo inacheza."

"Inakuuma, Mama?"

"Haiumi. Inaniacha peke yangu tu."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili na kumfikiria Papa Deo. Mke wake akimwita, hageuki. Baba yangu akimwita kutoka juu ya lori na ile sauti yake ya dizeli, anainua mkono papo hapo. Nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi na sikuwahi kuyaweka pamoja.

Kuanzia pale hadi Mbarara niliongea kwa sauti ya kondakta, mpaka abiria wa mbele wakawa wanageuka kumtafuta huyo mwanaume. Aliposhuka, aliniachia mahindi ya kuchemsha na kunishika shavu. Nilimpungia mkono mpaka basi likakata kona.

Na ndiyo, Lukaya nilikula kuku. Wachuuzi walikimbilia madirisha ya basi wakiwa wamewachomeka kwenye vijiti, pamoja na ndizi tamu za kuchoma, na nilikula nikiwa nimefumba macho. Hilo tu, hakuna kisa kingine, acheni kuniuliza.

Ghorofa ya tatu

Kampala nilifikia kwa rafiki wa Baba. Duka la vyombo vya muziki nilikuta limefungwa, mwenyewe ameenda kwenye sherehe ya uchumba ya mpwa wake, na sherehe hizo kule haziishi kwa siku moja. Basi nikawa naenda kila asubuhi kulitazama kufuli, narudi. Nilitembea sana. Mji ule una vilima, kelele na ndege wakubwa wabaya wanaokaa juu ya paa wakiwa na sura ya watu waliofiwa, na mimi nilikuwa napita chini yao nikipiga klarineti hewani kwa vidole, watu wakinipisha njia.

Lilipofunguliwa, nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo refu la maduka, juu ya wauza vitambaa. Vinanda vya nyuzi vilining'inia darini, gitaa ukutani, na mwanga ulipita kwenye kioo chenye vumbi ukatua juu ya shaba ya matarumbeta. Hakuna aliyekuwa anapiga chochote, lakini mtu akifunga mlango huko chini, nyuzi zote zilikuwa zinatetemeka kidogo.

Mwenye duka, Mama Ruth, alikuwa na Kiswahili cha Uganda, cha kukata pembe, lakini tulielewana. Alinitolea klarineti mpya, nyeusi, inayong'aa. Nikaweka mdomo wangu, nikalowesha tete, kile kipande chembamba cha mwanzi, nikapuliza. Sauti ilitoka kabla sijamaliza kuitaka. Huko juu ilikuwa kali na safi, inachoma hewa. Niliipenda papo hapo.

Mama Ruth akanivutia kiti nikae. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mtu wa fanfare ya Goma tu anaweza kulifanya. Sisi hatujaribu chombo tukiwa tumekaa. Chombo chetu kinapigwa kwa miguu, na kama hakitembei hakifai. Nikafumba macho, nikaanza kupiga, nikatembea. Na vidole vyangu, ukiviacha bila kuviambia kitu, vinaanza wimbo mmoja tu, ule wa kusindikiza marehemu.

Nilipofumbua macho nilikuwa katikati ya korido, mbali na duka. Wauza vitambaa walikuwa wametoka milangoni wamesimama wima. Fundi cherehani alikuwa amesimamisha cherehani yake. Mzee mmoja alikuwa ameshika kofia kifuani. Kumbe wimbo ule wanaujua na wao. Nyuma yangu alitembea askari wa jengo, aliyekuwa ametumwa kunikamata kwa wizi, lakini wimbo ulimkuta njiani, naye akawa anatembea mwendo wangu, polepole, kichwa kimeinama, hajui anikamate au anipe pole.

"Ani afudde?" mwanamke mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikaelewa kwamba anauliza nani amekufa. Nikatikisa kichwa: hakuna. Akashusha mabega, kisha akakasirika kidogo.

Mama Ruth alifika akihema. "Wewe! Wapeleka wapi hiyo kitu?" Nilipoeleza, alicheka mpaka akaegemea vitambaa vya watu. Askari, Bwana Okello, hakucheka. Aliuliza mara mbili kama kweli hakuna aliyekufa.

Tulirudi dukani. Nyuma ya kabati nikaona nyingine, ya mbao, iliyotumika, rangi imefifia mahali pa vidole vya mtu mwingine.

"Hiyo hapana," akasema Mama Ruth. "Hiyo ya nyumbani. Nje watu hawasikii."

Niliipiga. Kweli, huko juu ilikuwa hafifu, inaona haya. Lakini niliposhuka chini, kwenye zile sauti ambazo sisi kwenye fanfare hatuzitumii kwa sababu tarumbeta zinazimeza, ikatoka sauti nene, ya kifua, na nilihisi ubao wa sakafu ukiijibu. Nikamsikia Mama Veneranda akiniambia niongee kama mwanaume.

Nikamwomba Bwana Okello anisaidie. Tulimtia pamba masikioni, pamba nyingi, akaenda mwisho wa korido akanipa mgongo. Akisikia, ainue mkono. Nikapiga ile nyeusi juu, pale inapong'aa zaidi: Bwana Okello alisimama tu, anasubiri. Nikaishusha chini: mkono ukapanda nusu, ukashuka, ukapanda. Nikachukua ya mbao, nikaanza na noti ya chini kabisa, kwa pumzi ndogo. Mkono wake ukaenda juu moja kwa moja. Haukushuka mpaka Mama Ruth alipomwendea kumgusa bega na kumwonyesha kwamba nimeshamaliza.

Sasa nisiwadanganye, sikufurahi. Niliitaka ile nyeusi. Nilijiona nayo mbele ya msafara, sauti yangu juu ya tarumbeta zote, Tresor amekoma. Na wenzangu waliponituma, hiyo ndiyo waliyoitaka, na mimi nisingeweza kuwaeleza kwa nini nimewaletea nyingine bila kuianika siri ya Papa Deo. Na je, pamba za Bwana Okello zilikuwa na uhusiano gani na masikio ya mtu aliye Lac Vert? Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso.

"Nipe ya mbao."

"Watu wako watakasirika," akasema Mama Ruth, akiifunga hata hivyo.

"Najua."

Kurudi na mzigo kifuani

Mbao haipendi baridi ya ghafla. Kwa hiyo tulipokaribia milima nililifunga sanduku ndani ya kitenge, nikalikumbatia. Mwanamume mmoja akanipisha kiti cha mbele, palipo na nafasi ya miguu. Nikashukuru bila kufikiri. Baadaye mama wa kiti cha pili akaninong'oneza, "Mbona hatumwoni akinyonya?"

Nilikuwa nimeshapokea kiti, na mwanamume wa watu alikuwa amesimama kwa ajili yangu kwa saa nzima. "Amelala," nikasema.

"Mutoto muzuri," akasema. "Hasumbui."

Basi likanyamaza kwa ajili yetu. Hata redio waliipunguza. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya mashamba ya chai, na mimi nilipapasa kitenge kwa aibu mpaka usingizi ukanichukua.

Jumamosi

Walikuwa wamefika wote kibandani. Tresor alifungua sanduku, akaigeuza klarineti huku na huku.

"Yo! Ni hii? Haina hata kung'aa."

Tukapiga wote pamoja. Matarumbeta yalinimeza mzima mzima. Nilipuliza mpaka nikaona nyota, na hata mimi mwenyewe sikujisikia.

"Zaina," akasema Tresor, na safari hii hakuwa anatania, "tulikutuma kazi moja tu. Hii si ya kulalisha batoto?"

Papa Deo alikuwa anatazama nyuso zetu, mmoja baada ya mwingine, anatafuta kilichotokea. "Muzuri, muzuri," akasema. Wenzangu wakatoka nje kubishana, na niliwasikia wakisema kwamba mzee hata haoni tofauti.

Tukabaki wawili. Papa Deo akanigeuzia mgongo, akaanza kupanga mabenchi yaliyokuwa yamepangwa tayari. Hakuwa anaona vidole vyangu. Hakuwa anaona uso wa mtu yeyote.

Nikaanza wimbo wa msafara, chini kabisa, kwenye zile sauti za kifua ambazo hatuzitumii. Nilipiga mstari wa kwanza. Aliendelea kusogeza benchi. Nikaingia wa pili, nikapumua mahali ambapo nimekuwa napumua kwa miezi mingi, katikati, kwa uvivu.

Benchi likasimama.

"Zaina," akasema, bado amenipa mgongo, "ni nani alikufundisha kupumua pale?"

Nilishusha klarineti. Mlangoni Tresor na wenzake walikuwa wamerudi, wanamtazama. Nikajibu kwa sauti ya chini, ya kifua.

"Hakuna mutu, Papa."

"Basi anza tena."

Akageuka, nyusi zimekunjana, hasira imemjaa uso mzima. Nikaanza tena. Nilikosea mahali pengi sana, na kila mahali alinisimamisha.